Mwongozo Kamili wa Kusoma Wazimu katika Hadithi na Mashairi ya Kigothi

Mtu anapomaliza kusoma hadithi ya Kigothi, yaani ya giza na hofu, yenye nyumba kongwe, siri na mizimu, kwa mara ya kwanza, mara nyingi huwa na sentensi moja tu mdomoni: huyu msimulizi ni kichaa. Sentensi hiyo si ya uongo, lakini ikitamkwa mapema hufunga mlango ambao mwandishi ametumia kurasa nzima kuufungua kidogokidogo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kukaa mlangoni hapo kwa muda mrefu zaidi, awe mwanafunzi wa fasihi anayetakiwa kuandika uchambuzi, mwalimu anayetafuta njia ya kuliingiza darasa katika maandishi haya, au mpenzi wa vitabu asomaye peke yake usiku. Hoja yangu ni moja. Wazimu katika fasihi ya Kigothi hukaa kwanza katika namna jambo linavyosimuliwa, na pili katika swali la nani aliyepewa mamlaka ya kumwita mwenzake mwehu. Anayesoma ili apate jina la ugonjwa atavikosa vyote viwili.

Hatua ya kwanza: Chagua maandishi machache na uyapange

Utanzu huu ulizaliwa Uingereza mnamo Desemba 1764, Horace Walpole alipochapisha "The Castle of Otranto", riwaya ya ngome, ukoo unaobeba dhambi ya babu, na kofia kubwa ya chuma inayomponda bwana arusi siku ya harusi yake. Toleo la pili, la 1765, ndilo lililojitambulisha kuwa hadithi ya Kigothi. Kihistoria kitabu hicho ni muhimu, ila kwa mtu anayetaka kujifunza kuusoma wazimu si mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu mambo yake ya kutisha yako nje ya watu, kwenye mawe na mavazi ya vita. Giza liliingia ndani ya vichwa vya wahusika kwa nguvu zaidi katika karne ya 19, na huko ndiko nitakakokupeleka.

Anza na "The Tell-Tale Heart" ya Edgar Allan Poe, hadithi ya moyo ulioshindwa kutunza siri. Fuatisha "The Fall of the House of Usher" ya mwandishi huyohuyo, iliyotoka mwaka 1839. Kisha soma "The Yellow Wallpaper" ya Charlotte Perkins Gilman, ya mwaka 1892. Kwa upande wa ushairi chukua matatu: "The Raven" la Poe, "Porphyria's Lover" la Robert Browning, na lile la Emily Dickinson linaloanza kwa msemaji kuhisi maziko ndani ya ubongo wake. Waandishi hawa wote walifariki zamani na maandishi yao yanapatikana bila malipo katika maktaba za intaneti.

Kila andiko lisome mara tatu. Mara ya kwanza lisome kimya na bila kusimama, ili hofu ikupate kama ilivyokusudiwa. Mara ya pili lisome kwa sauti, hata kama Kiingereza chake cha zamani kinakukwaza, maana mengi ya haya yaliandikwa kama usemi wa mtu anayemwambia mwingine jambo, na sikio hugundua papara ambayo jicho huipita. Mara ya tatu ndipo uchukue penseli na daftari.

Hatua ya pili: Safisha maneno yako kabla ya kuyatumia

Kiswahili kina utajiri ambao wachambuzi wetu huutumia ovyo. Tunasema wazimu, kichaa, wehu, uwendawazimu, kurukwa na akili, kuchanganyikiwa, kana kwamba yote ni mamoja. Yaangalie tena. Wazimu una mzizi mmoja na mzimu na kuzimu. Majinuni limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni mtu aliyeingiwa na jini. Lugha yetu, kwa maneno mengine, imehifadhi ndani ya neno moja lile shaka ambalo waandishi wa Kigothi walihitaji riwaya nzima kulijenga: mtu huyu ni mgonjwa, au amejiwa na kitu? Henry James aliandika "The Turn of the Screw" mwaka 1898, ambamo yaya anayewalea watoto wawili mashambani anawaona watumishi waliokwisha kufa, na kwa zaidi ya miaka 100 wasomaji wamegawanyika kama mizuka ile ilikuwepo kweli au ilizaliwa kichwani mwake. Msemaji wa Kiswahili akisema kwamba yaya yule ana wazimu, pande zote mbili za mgogoro huo zinabaki hai ndani ya neno. Huo ni mtaji. Utumie kwa kujua.

Kanuni ninayoifuata, na ambayo ninaipendekeza, ni hii. Unapoeleza shutuma iliyomo ndani ya hadithi, tumia neno kali linalolingana na lile la mwandishi, kwa sababu ukali wake ni sehemu ya maana. Unapozungumza kwa sauti yako mwenyewe, sema kuchanganyikiwa, kupotewa na fahamu, au ugonjwa wa akili, kulingana na kile maandishi yanachokithibitisha. Miongoni mwa watakaosoma kazi yako yumo mwenye ndugu anayeumwa, na uchambuzi unaotumia kichaa kama tusi umekwisha kujiunga na upande mmoja wa hadithi kabla ya kuisoma.

Hatua ya tatu: Uliza nani anasema na anamwambia nani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo ningekushauri utumie nusu ya muda wako. "The Tell-Tale Heart" ilichapishwa Januari 1843 katika jarida la The Pioneer la Boston, na haizidi kurasa chache. Msimulizi asiye na jina anaeleza jinsi alivyomuua mzee aliyekuwa akiishi naye, akamficha chini ya mbao za sakafu, kisha akajifichua mwenyewe mbele ya polisi kwa sababu alisikia moyo wa marehemu ukidunda. Hayo ni matukio, na yanaelezeka kwa pumzi moja. Rudi sasa kwenye mwanzo kabisa. Anaanza kwa kukubali: kweli, nimekuwa na wasiwasi, wasiwasi mwingi wa kutisha, na bado ninao. Halafu anauliza kwa nini aambiwe kwamba ana wazimu.

Nani amemwambia? Katika ukurasa hakuna. Anajibu shtaka ambalo sisi hatukulisikia, mbele ya mtu ambaye hatumwoni. Jaribu kuitafsiri sentensi hiyo na utakutana na jambo ambalo Kiingereza kimelificha, kwa sababu nafsi ya pili ya Kiingereza haitofautishi mmoja na wengi, ilhali sisi lazima tuchague kati ya "kwa nini useme" na "kwa nini mseme". Ukichagua umoja, umemweka mbele yake daktari, au mlinzi aliyesimama kwenye mlango wa chumba cha gereza, au msomaji peke yake na kitabu chake. Ukichagua wingi, umeweka baraza, mahakama, umma uliokwisha kukata shauri. Andika tafsiri zote mbili daftarini, usome hadithi nzima kwa kila moja, uone jinsi uso wa msikilizaji unavyobadilika na kubadilisha maana ya kila kiapo cha msimulizi.

Kisha chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto weka anachodai msimulizi, upande wa kulia weka anachofanya. Anadai kwamba maradhi yamenoa hisi zake, na kwamba alisikia mambo yote ya mbinguni na duniani na mengi ya kuzimu. Mara tu baada ya hapo anatutaka tutazame jinsi anavyoweza kusimulia kwa utulivu. Anadai busara, na ushahidi anaoutoa ni kwamba kwa usiku saba mfululizo alifungua mlango wa mzee saa sita za usiku, akitumia saa nzima kupenyeza kichwa chake tu. Anauliza kama mwendawazimu angekuwa na hekima ya namna hiyo. Anadai kwamba alimpenda mzee, hakutaka dhahabu yake, hakuwahi kukosewa naye, kisha anatafuta sababu mbele ya macho yetu: nadhani lilikuwa jicho lake, naam, ni hilo. Pigia mstari neno "nadhani". Mtu huyu anachagua sababu ya kuua wakati anasimulia mauaji yaliyokwisha kutendeka.

Jambo moja zaidi la kutazamwa kwa karibu. Usiku wa nane anasikia sauti ya chini, ya haraka, anayoifananisha na ya saa iliyofungwa ndani ya pamba, na anasema kwamba ni moyo wa mzee uliojaa hofu. Baadaye, mzee akiwa amekwisha kukatwa vipande na kufukiwa, na maofisa watatu wakiwa wameketi wanazungumza mambo ya kawaida, sauti inarudi. Mfano anaoutumia ni uleule: saa iliyofungwa ndani ya pamba. Kama ni moyo wa maiti, tuko kwenye hadithi ya mizimu. Kama ni moyo wake mwenyewe, basi hata ule wa usiku wa nane huenda ulikuwa wake, na alimuua mzee kwa kelele ya kifua chake. Inawezekana pia kwamba ni wadudu wa kwenye mbao za ukuta, ambao yeye mwenyewe amewataja mapema kwamba huwasikiliza usiku, na ambao watu wa enzi ile waliamini sauti yao hubashiri kifo. Poe hakuchagua miongoni mwa njia hizi tatu, na uchambuzi mzuri huzishika zote bila kuangusha hata moja.

Kwa wanaopenda kuunganisha fasihi na sheria, mwaka huo una sadfa ya ajabu. Januari hiyohiyo ya 1843, jijini London, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akaondolewa hatia kwa sababu ya hali ya akili yake. Kelele zilizofuata zilizaa kanuni zinazojulikana kwa jina lake, ambazo msingi wake ni swali kama mtendaji alijua anachofanya, au alijua kwamba ni kosa. Sheria za jinai za Kenya na Tanzania zilirithi kipimo hicho kutoka kwa Waingereza. Mpime msimulizi wa Poe kwa kipimo hicho: alijua, kwa kuwa alificha, na akaweka kiti chake juu ya mbao zilezile. Mahakamani angeshindwa. Lakini hadithi inatuonyesha akili inayofikiri kwa mpangilio kamili huku ikiwa imeharibika kwenye sehemu moja tu, hali ambayo madaktari wa Ufaransa walikuwa wamekwisha kuipa jina la monomania. Pengo hilo kati ya kipimo cha sheria na picha ya hadithi ni mada tosha ya insha nzima.

Hatua ya nne: Chora nyumba

Nasema chora, kwa penseli, kwenye karatasi. Katika "The Fall of the House of Usher" jina la nyumba na jina la ukoo ni moja, na msimulizi anatuambia kwamba wanakijiji wamezoea kutumia jina hilo kwa vyote viwili. Anapofika anaona madirisha yaliyo kama macho matupu, na ufa mwembamba usioonekana kwa urahisi, unaoteremka kwa kupindapinda kutoka paani hadi kwenye maji meusi ya ziwa dogo. Uweke ufa huo kwenye mchoro wako mapema, kwa sababu ndipo nyumba itakapopasukia mwishoni.

Katikati ya hadithi Roderick Usher, mwenye nyumba na rafiki wa msimulizi, anaimba shairi lenye beti sita kuhusu kasri katika bonde la kijani. Bendera za manjano zinapepea juu ya paa; wapita njia wanaona kwa madirisha mawili yenye nuru jinsi roho zinavyocheza kwa mpangilio wa muziki; mlango umepambwa kwa lulu na johari nyekundu. Chora kasri hilo pembeni ya nyumba, kisha taja kila kitu kwa jina la mwili: bendera ni nywele, madirisha ni macho, lulu na johari ni meno na midomo, na mfalme aliyeketi ndani ni akili. Beti za mwisho zinabadili nuru kuwa nyekundu, muziki unakuwa kelele isiyopatana, na kundi la kutisha linabubujika kupitia mlangoni, likicheka ila halitabasamu tena. Mwanafunzi akishaiona ramani hiyo hahitaji tena kuambiwa kwamba mandhari katika fasihi ya Kigothi ni akili iliyojengwa kwa mawe.

Usimalize hatua hii kabla ya kusoma ukurasa wa mwisho polepole. Kwa hadithi nzima msimulizi amekuwa mgeni mwenye akili timamu anayemtazama rafiki yake akizama. Dhoruba inapofika kileleni, Roderick anainuka na kumpigia kelele: mwendawazimu, nakuambia yuko nje ya mlango! Anayeitwa hivyo ni msimulizi, na anayesemwa ni Madeline, dada yake Roderick, aliyezikwa akiwa bado hai. Mlango unafunguka, na kweli amesimama pale. Mtu aliyetazamwa kama mgonjwa ndiye aliyesikia sawasawa.

Hatua ya tano: Tafuta kalamu iko mkononi mwa nani

Msomaji aliyekulia ndani ya kuta za chokaa au rangi ajue kwanza kwamba hadithi ya Gilman inahusu karatasi yenye michoro ambayo hubandikwa ukutani kama pambo. Mwanamke aliyetoka kujifungua anapelekwa na mumewe, John, ambaye ni daktari, kwenye nyumba ya kupanga ili apumzike. Amekatazwa kufanya kazi, amekatazwa kuandika. Anachokisoma msomaji ni maandishi anayoyaiba mchana na kuyaficha akisikia hatua za mtu. Mapema kabisa anasema kwamba John humcheka, bila shaka, lakini hilo hutarajiwa katika ndoa. Sentensi hiyo ni tulivu kiasi kwamba wengi huipita, nami naiona kuwa ndiyo yenye giza kuliko zote katika hadithi hiyo.

Zoezi la hatua hii linahitaji subira. Kwenye usomaji wa kwanza weka alama kila mahali anapotaja uharibifu wa chumba: nondo za madirishani, pete za chuma ukutani, kitanda kilichopigiliwa sakafuni, mbao za kitanda zilizotafunwa, na mchirizi unaozunguka chumba chote chini karibu na sakafu, kana kwamba kitu kimesuguliwa hapo tena na tena. Yeye anadhani kwamba chumba kilikuwa cha watoto. Ukifika mwisho, ambapo anatambaa akizunguka chumba na bega lake linatosha barabara kwenye mchirizi ule, rudi kwenye alama zako. Nani aliutia ukuta mchirizi huo, na tangu lini? Baada ya swali hilo kila ukurasa unasomeka upya.

Nyuma ya hadithi kuna historia ya kweli. Mwaka 1887 Gilman alitibiwa na Silas Weir Mitchell, daktari bingwa wa Philadelphia aliyekuwa maarufu kwa tiba ya kupumzishwa. Alirudishwa nyumbani na maagizo: aishi maisha ya nyumbani kadiri awezavyo, asizidishe saa mbili za kazi ya akili kwa siku, na asiguse tena kalamu, brashi wala penseli maisha yake yote. Alifuata kwa miezi kama mitatu, akajikuta kwenye ukingo wa kuangamia, akaamua kurudi kazini. Mwaka 1913 alieleza kwamba aliiandika hadithi ili kuwaokoa watu wasitiwe wazimu. Ndani ya hadithi daktari huyo anatajwa kwa jina lake, kama kitisho ambacho John anamtishia nacho mkewe.

Linganisha na mwanamke asiyepewa kalamu. Katika "Jane Eyre" ya Charlotte Brontë, ya mwaka 1847, Bertha Mason aliyeletwa kutoka Jamaica amefungiwa orofani Thornfield, nyumba ya mumewe. Tunasikia kicheko chake na mngurumo wake, na maneno yake machache tunayapata kwa midomo ya wengine. Mumewe ndiye anayeeleza ugonjwa wake, na mumewe ndiye mwenye sababu ya kutaka aaminike. Brontë mwenyewe, katika barua ya Januari 1848, alikiri kwamba alikosea kuipa hofu nafasi kubwa mno mahali palipostahili huruma. Mwaka 1966 Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, alichapisha "Wide Sargasso Sea", akampa mwanamke huyo jina la Antoinette na nafasi ya kusimulia mwenyewe. Kwa sisi ambao mababu zetu waliandikwa na wageni katika ripoti na kumbukumbu za safari, swali la nani alishika kalamu si geni, na sioni sababu ya kuliacha mlangoni tunapoingia katika riwaya ya Kiingereza.

Hatua ya sita: Katika ushairi, hesabu mizani kabla ya kutafuta maana

"The Raven" lilichapishwa tarehe 29 Januari 1845 katika gazeti la New York Evening Mirror. Ndege wake ni kunguru, ila si yule mdogo mwenye shingo ya kijivu anayewasumbua watu wa Mombasa na Dar es Salaam; ni mkubwa zaidi na mweusi mwili mzima. Beti ni 18, kila ubeti una mishororo sita. Hesabu mizani ya mshororo wa kwanza: nane, pumziko, nane. Ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo, unaishia kwa neno dreary, na utao, kipande cha pili, kwa neno weary, kina kilekile. Msomaji aliyezoea tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti, atajiona yuko kwao, ingawa Kiingereza hupima mkazo pamoja na idadi, na ingawa Poe amefunga kina cha kati na cha mwisho ndani ya mshororo mmoja badala ya kuviteremsha ubeti mzima kila kimoja kivyake. Na kuna kibwagizo. Msemaji wa shairi anapoteza mwelekeo, lakini umbo linazidi kumbana.

Fuatilia kibwagizo hicho ubeti kwa ubeti. Katika beti saba za mwanzo, sita zinaishia kwa maneno yenye maana ya "hakuna zaidi", na mmoja kwa neno la milele. Kuanzia ubeti wa nane hadi wa mwisho, beti 11 mfululizo, neno ni moja, "kamwe tena", ambalo ndilo pekee analolijua ndege. Sasa andika kando maswali ambayo msemaji, mwanamume anayemlilia mpenzi wake marehemu, anamwuliza ndege huyo. Katika ubeti wa 11 ameshajieleza, kwa akili timamu kabisa, kwamba ndege amejifunza neno hilo kwa bwana fulani aliyeandamwa na misiba. Anajua jibu litakuwa lipi. Hata hivyo anauliza kama kuna dawa ya huzuni yake, na ndege anajibu. Anauliza kama huko peponi atamkumbatia tena Lenore aliyefariki, na ndege anajibu. Poe aliandika mwaka 1846 kwamba mtu huyo anauliza nusu kwa ushirikina na nusu kwa kujitesa. Shairi hili linanigusa hapo kuliko penginepo, maana aliyewahi kufiwa anazijua nyakati za kuuliza jambo kwa sababu tu jibu lake litauma.

Kwa Browning pita upesi, ila usome kwa sauti. "Porphyria's Lover" lilitoka mwaka 1836, mishororo 60, na mwaka 1842 liliwekwa pamoja na jingine chini ya kichwa kinachotaja vyumba vya hospitali ya wendawazimu. Mwanamume anamnyonga mpenzi wake kwa nywele zake mwenyewe, zilizozungushwa shingoni mara tatu, na sauti haipandi. Anasema kwamba hakusikia maumivu, kisha anarudia kwamba ana hakika hakusikia maumivu. Uhakika ungekuwepo, mara moja ingetosha. Vina vinaendelea kwa nidhamu isiyotetereka hadi mshororo wa mwisho, ambapo anaona kwamba Mungu hajasema neno.

Shairi la Dickinson ni la beti tano, na lilichapishwa mwaka 1896, miaka kumi baada ya kifo chake. Waombolezaji wanatembea huku na huko kichwani, ibada inapigwa kama ngoma, sanduku linainuliwa, mbingu yote inakuwa kengele na kiumbe kinakuwa sikio. Orodhesha hisi zinazotajwa na utaona kwamba karibu zote ni za kusikia: hakuna uso, hakuna rangi. Kisha ubao wa akili unavunjika na msemaji anaanguka. Anayesimulia ndiye maiti, na ndiye pia chumba ambamo maziko yanafanyika.

Hatua ya saba: Tofautisha hofu mbili

Ann Radcliffe, mwandishi Mwingereza wa riwaya za Kigothi, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1826 baada ya kufariki kwake, alitenganisha hofu ya jambo linalokuja, ambayo huikunjua nafsi na kuamsha uwezo wake, na kitisho cha jambo lililokwisha kuonekana, ambacho huikunyata na kuigandisha. Katika pambizo weka alama mbili tofauti kwa hofu hizo. Maandishi niliyoyataja hapa yana nyingi za aina ya kwanza na chache za pili, na pale ambapo ya pili inafika, mwandishi mara nyingi anakaribia mwisho.

Hatua ya nane: Andika uchambuzi wako

Epuka mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kumpa mhusika jina la ugonjwa wa kisasa, kana kwamba umempima kliniki. Mhusika hana mwili wala historia nje ya maneno yaliyopo, na daktari mwadilifu asingetoa jina kwa ushahidi huo. Mtego wa pili ni kuyachukua maisha ya mwandishi kama ufunguo. Picha ya Poe kama mlevi aliyepotewa na akili ilienezwa kwa kiasi kikubwa na Rufus Griswold, aliyeandika tanzia yake mwaka 1849 kwa jina la uongo, kisha akaandika wasifu uliojaa chuki na barua za kughushi. Mtu aliyeandika mshororo wa mizani 16 bila kuteleza alikuwa macho wakati huo.

Jenga aya yako kuanzia kwenye neno, si kwenye dhamira. Kwa mfano: "Msimulizi wa Poe anaufananisha moyo wa mzee na saa iliyofungwa ndani ya pamba, na anaurudia mfano huo bila kuubadili baada ya mzee kufa. Marudio hayo yanaondoa mpaka kati ya anachokisikia nje na anachokibeba ndani, na kwa hiyo ungamo lake linaweza kusomwa kama mtu aliyefichuliwa na kifua chake mwenyewe." Aya hiyo haijataja wazimu hata mara moja, na inaueleza vizuri kuliko kurasa mbili za sifa.

Mwalimu anayeyapeleka maandishi haya darasani awaambie wanafunzi mapema yanahusu nini, aruhusu mtu kutoka bila maelezo, na asiyapange yote katika wiki moja. Yamebeba vifo, kufungiwa na kukata tamaa, na kati ya wanafunzi 40 wapo ambao nyumbani kwao mambo hayo si fasihi.

Kabla ya kukabidhi kazi, pitia kila mahali ulipoandika kwamba mhusika fulani ana wazimu, na pembeni uandike swali hili kwa penseli: kwa mujibu wa nani? Ukiweza kutaja jina la mhusika, sentensi na mahali ilipo, iache. Usipoweza, ifute na urudi kwenye ukurasa ule.